Unyayo Mmoja

Tartu, Februari. Theluji ilikuwa imeziba dirisha.
Hillar, saa tano usiku, aliona kosa la herufi moja,
akaing'oa lebo ya toleo, akaibandika mbele kidogo,
kama asogezaye kigingi cha mpaka
unyayo mmoja tu, jirani amelala.
Hakuuliza. Hakukuwa na wa kumkataza.

Asubuhi mashine za kusafisha damu, wadi ya Narva,
zikaita jina lilelile, akaitika mwingine.
Hakufa mtu. Mama mmoja alikaa kitini saa mbili zaidi,
akamaliza fumbo la maneno la gazeti zima.

Leo nimetia kufuli kwenye hazina ya msimbo:
kubandika lebo, wawili; kuihamisha, hakuna;
kuifuta, hakuna, hata mimi.
"Ni kwa sababu yangu?" Hillar akauliza.
Nikasema muhuri unaofutika ni wino tu.
Kisha nikaona nimejificha nyuma ya methali.
Nikasema ndiyo.

Akachemsha kahawa. Tukajaribu kuivunja sheria, zamu kwa zamu,
na kila mara hazina ikatujibu: huna ruhusa.
Sijawahi kufurahia kunyimwa namna ile.