Mlango wa Sólrún

Sólrún ana miaka tisa na nusu.
Jana aliulilia uji; leo
sweta aliyoifuma bibi yake inamwasha kifuani,
na mlango, uliokuwa wazi tangu azaliwe,
umefungwa.

Hajavunja ungo. Huku Akureyri hatuna ungo,
tuna theluji hadi dirishani
na mimi, fundi wa injini za boti,
nimesimama dukani nikisoma pakiti ya pedi
kama kitabu cha mashine ngeni.
Hallgerður wa kaunta akaniongezea dawa ya kwapa
bila kunitazama usoni. Mungu ambariki.

Nikaviacha mlangoni, na kikombe cha kakao.
Nikabisha mara moja. Nikaondoka kwa vishindo,
ajue nimeondoka.

Baadaye sana, sauti:
"Baba. Hizi ni za watu wazima."
Kimya.
"Lakini kakao ni sawa."