Mstari wa Matope Ukutani

Bomba tumelipasua kwa urefu, kama boga,
juu ya meza ya bati, Sinop, mwezi wa pili,
na hita imekufa tangu jana.
Mita mia na ishirini chini ya Bahari Nyeusi
tulilichomeka sakafuni, likarudi limeshiba.
Radostin ameweka kidole pale rangi inapogeuka.
"Hapa," anasema,
kwa sauti ya mtu aliyeziona funguo zake.

Chini ya kidole: udongo wa kijivu, mizizi ya matete,
vikome vya maji matamu, vyembamba kama ukucha wa mtoto.
Juu ya kidole: matope meusi, yasiyonuka bado kwa baridi,
na chaza wa kwanza wa maji ya chumvi.
Kati ya hawa na wale, unene wa sarafu.

Nadharia yake anaipenda kama gari la kwanza.
Barafu za kaskazini ziliyeyuka, bahari kuu ikavimba,
ikausukuma mlango wa Bosfora hadi mlango ukakubali.
Ziwa likapanda kiganja kizima kila siku.
Aliyepanda shayiri ufukweni alivuna samaki.
Waliokimbia walibeba mbegu, mbuzi na habari;
mbuzi wakaliwa, habari ikatembea
mpaka Mto Frati, ikapewa nabii,
ikapewa njiwa, na safina ikapimwa kwa dhiraa.

Mimi nasema, "Huenda."
Neno hilo ndilo mshahara wangu.
Huenda mwaka, huenda miaka elfu,
maji yakija kwa adabu, kama mgeni
asogezaye kiti kidogo kidogo kuelekea sahani.
Huenda ni mito miwili ya Iraki
iliyovunja kingo usiku mmoja, na dunia ya watu wale
ilikuwa kubwa kiasi cha bonde lao.
Huenda ni jiwe la angani lililopiga bahari
(hili nalitaja ili tucheke, na tunacheka).
Huenda wachungaji waliokota makombe mlimani, juu kabisa,
wakakaa chini na swali letu hilihili,
bila hita, kama sisi.

Jumamosi napanda basi kwenda kwa mama.
Mto wa kwao ulishuka Agosti moja
na magogo yote ya kiwanda cha mbao.
Mjomba Satılmış alirudi kumfungua ng'ombe.

Nilifika wiki ileile na futi kamba. Ndiyo kazi yangu.
Mstari wa matope, ukuta wa jikoni:
mita moja, sentimita themanini na nne.
Nikaandika kwa penseli, palepale, nikatia tarehe.

Sasa ni miaka saba.
Mama anawasimulia watoto wa jirani
kwamba maji yalifika kwenye mnara wa msikiti,
yakasimama siku tatu (yalikuwa saa sita),
na ng'ombe alionekana baharini, kengele shingoni,
akielekea Krimea, na mtu mgongoni.

"Kweli, shangazi?" mdogo wao ananiuliza.
Mama haniangalii. Anamenya vitunguu.
Pale kwenye penseli yangu ametundika kalenda,
kalenda ya mwaka uleule, hajaibadilisha.

"Mpaka kwenye mnara," nikasema.
"Na kengele ilisikika?"
"Ilisikika."

Jumatatu, fomu. Safu ya nne inauliza:
Kasi ya kupanda kwa maji.
Radostin anachungulia juu ya bega langu, anapumua kahawa.
Naandika: Haijulikani.
Kalamu inakaa hapo muda,
kama mtu aliyesahau kitu ndani
na anapima kama kuna nafasi ya kurudi.

Fundi amekuja. Hita imepona.
Matope yanaanza kupata joto,
yanaanza kunuka jiko la mama.