Arobaini na Moja

Mara ya kwanza nilidhani anaota.
Velga aliketi wima kitandani,
mikono shingoni, macho yamemtoka,
na kinywani mwake ikaja sauti
ambayo sijapata kuisikia kwa mtu:
mluzi mwembamba, kama upepo wa Januari
ukitafuta ufa kwenye dirisha letu la Liepāja.

Nilihesabu. Asiye na la kufanya huhesabu.
Kumi na tisa,
kisha hewa ikaingia kwa vurugu,
kama watoto waliofunguliwa lango la shule.
"Maji," akasema, kwa sauti ya kuazima.
Saa nane na dakika kumi usiku.

Daktari wa kwanza alisema pumu.
Miaka miwili bomba la buluu
lililala chini ya mto wetu,
na koo likaendelea kufunga duka lilipotaka.

Wa pili alisema wasiwasi.
"Mama, una mawazo?"
Nani hana mawazo?
Mama yake Velga alikuwa ameanza kusahau majina yetu,
akianzia na langu.
Tulirudi na karatasi ya mazoezi ya kupumua
na aibu isiyo na jina.

Akaacha kwaya. Safu ya nyuma, miaka kumi na minane.
"Litanibana katikati ya beti," alisema,
"nao watageuka wote kunitazama."

Usiku mmoja wa Machi sikumshika mkono.
Nilishika simu.
Nikairekodi shingo yake ikivutwa ndani,
midomo ikigeuka rangi,
nami nikihesabu kwa kunong'ona
hadi arobaini na moja.
Pumzi iliporudi aliuliza:
"Ulikuwa unanipiga picha nikifa?"

Juma zima nililala sebuleni.

Wa tatu tulimfuata Riga kwa basi.
Daktari Skaidrīte Kalve, viatu vya mpira, kalamu ya risasi.
Hakugusa chochote. Aliuliza.
Mnakula saa ngapi? Saa nne usiku, baada ya zamu.
Nini? Viazi, nyama ya moshi.
Kazini anasafisha kwa nini? Klorini, bwawa la kuogelea.
Kabla ya haya kuanza, kulikuwa na mafua?
Velga akanitazama. Kulikuwa. Majuma matatu, sauti ikamkauka.

"Kuna aliyewahi kusikia linapobana?"

Nikaitoa simu kama mwizi anayerudisha mali.
Alisikiliza, akarudia, akafumba macho.
"Pumu hupiga mluzi zaidi hewa ikitoka.
Huu unalia hewa ikiingia.
Kilichofunga ni mlango wa juu,
kifua hakina kosa."

Kamera nyembamba kama kamba ya kiatu
ikapita puani. Kwenye kioo tukaona
nyuzi mbili za sauti, nyeupe, zikifunguka na kufumba,
na nyuma yake wekundu, kama ukingo wa jicho lililolia.
Kisha mrija mwingine, usiku na mchana,
na kisanduku kiunoni kikiandika kila tone
la tindikali lililopanda kimyakimya,
bila hata kiungulia.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako,
na chini ya nguo, na chini ya ngozi.

"Koo ni bawabu," alisema daktari.
"Lako limeunguzwa mara nyingi,
sasa linamfungia hata mwenye nyumba.
Labda mafua yaliuchokoza mshipa wa fahamu.
Labda klorini. Kipi kilitangulia, sijui,
na sitajifanya najua."

Tumeinua kichwa cha kitanda kwa matofali mawili.
Tunakula kabla ya saa kumi na mbili, kama wagonjwa wa hospitali.
Likibana, Velga hunusa polepole kwa pua,
hachoti hewa kwa pupa.
Mwezi uliopita: sekunde tisa.
Mkono wangu mmoja u mkononi mwake,
mwingine bado unahesabu.

Nilitaka kuifuta ile video.
"Iache," alisema. "Ndiyo iliyoniamini kwanza."

Alhamisi alikwenda kwaya.
Hakuimba.
Alikaa safu ya nyuma, akawageuzia wenzake kurasa.