Mawese Dirishani

Saa kumi na mbili, jua bado liko nyuma ya Heru Juu.
Kipimajoto kinasema nyuzi kumi.
Vidole vyangu vinasema chini ya hapo.

Nimechuchumaa kwenye kitalu na daftari la mistari,
na kalamu ya risasi, maana wino hugoma kipupwe,
nahesabu miche ya mpunga yenye majani matatu
kama mhasibu wa chama cha msingi anayeogopa ukaguzi.
Moja: kijani, wima.
Tano: ncha njano, jani limejisokota kama sigara ya shambani.
Tisa haina haja ya maelezo.

Mama, Daforoza Ntiruhungwa, haliamini daftari.
Anapita juu ya tuta na khanga mbili mabegani:
"Huo umekufa. Na huo umekufa, ila haujaambiwa."
Baada ya wiki nikilinganisha,
amenishinda kwa miche minne.

Mtoto wa jirani aliniuliza,
maji ni yale, udongo ule, usiku ulikuwa mmoja,
mbona huu umelala na huu umeamka?
Nikampeleka jikoni, dirishani, penye chupa mbili.
Mawese yalikuwa yameganda, mazito kama tope la Kasulu;
ukipindua chupa hakitoki kitu.
Alizeti ilikuwa inacheza.
Baridi ni ile ile, nikamwambia. Mafuta siyo yale yale.
Kila chembe ya jani imejifunga utando wa mafuta;
ukiganda, mlango haufunguki,
na jua la saa tatu likibisha hodi
linakuta nyumba imefungwa kwa ndani.
Akafikiri.
"Nani anawapa hawa alizeti?"

Nani. Mshahara wangu wote umo katika neno hilo.

Mpunga wa mama tunauita Sikukuu:
mrefu, mweupe, ukipikwa unanukia hadi barabarani,
na kipupwe kikija unalia wa kwanza.
Kuna mwingine, gugu, tunaliita Mwizi,
shina zambarau, punje nyekundu inayopukutika kabla ya mundu.
Miaka mitatu iliyopita Mwizi aling'olewa, akatupwa tutani, mizizi nje.
Asubuhi ya baridi nilimkuta.
Alikuwa kijani. Karibu nimwamkie.

Basi nikakaa na ua la Sikukuu,
nikatoa vifuko sita vya chavua kwa kibano cha nyusi,
nikalipaka chavua ya Mwizi, nikalivika kofia ya kaki.
Mama alitazama.
"Umeniletea mwizi, sasa unamposea."

Wajukuu wao ni mia mbili na arobaini.
Nilidhani watagawanyika, wa huku na wa kule.
Wapi! Walijipanga kama watoto kwenye mizani ya kliniki,
mwepesi, mwepesi kidogo, wa kati, wa kati, wa kati, mnene.
Si jeni moja lenye amri.
Ni mengi, madogo, kila moja limetoa kidogo
kama mchango wa msiba: huyu kuni, huyu mia tano, huyu kuteka maji.
Lililotoa kikubwa limeonekana kwenye karatasi ya maabara,
na ukuta kwa ukuta naye anaishi jirani
anayeufanya wali uwe mgumu kama changarawe.
Ukimwita mmoja, wanaitika wawili.
Itabidi kurudisha kwa Sikukuu, na kurudisha tena,
misimu minne, mitano, hadi mmoja ahame.

Mche wa mia moja na kumi na saba ni kijani leo.
Haujachanua. Sijui kama utanukia.
Una uzambarau kidogo shinani,
na mama, akipalilia, mkono wake ukaufikia wenyewe,
mkono wa miaka arobaini wa kung'oa wezi,
ukashika,
ukakaa hapo.
Akauachia. Akafuta vidole kwenye khanga, akaendelea na tuta.

Nikaandika: moja.
Haikusomeka, ganzi.
Nikafuta, nikaandika tena.