Kaya Moja

Fomu inasema vijiji kumi na tisa.
Nimekanyaga theluji ya magotini,
nimebisha hodi katika kumi na vitatu
yakaitika makufuli.

Sangdarre: kaya moja.
Bibi Khojaste ananimiminia chai,
anaanza kutaja: Siyavash, Mahlagha,
mapacha wa Ganjali…
"Wote wanalala hapa?"
"Mmoja yuko Isfahani. Wengine pale,"
kidole chake kinaelekea makaburini,
chini ya mijozi.

Kanuni ya tarafa: pungufu ya kaya tatu
idadi haiandikwi, huwekwa nyota.
Namweleza. Anacheka hadi anapaliwa.
"Nyota? Mchana huu?"
Kisha ananishika mkono wenye kalamu:
"Basi andika na mbuzi."

Nimefunga faili.
Mbwa wake kanisindikiza hadi jiwe la mpaka,
akasimama, akanitazama,
akarudi kuwa wa pili.