Kabla Mpira Haujafika

Jukwaani Gombani wameanza tena:
"Mtoe mzee! Muingize dogo!"
Mzee ni mimi. Nina miaka thelathini na miwili
na goti lililofungwa bendeji ya buluu.
Dogo ni Mjaka Shaame wa Bopwe,
kakaa benchi, soksi kazivuta hadi magotini,
anatafuna uzi wa mkono wa jezi
kama mbuzi aliyesahauliwa kambani.

Siwalaumu. Wamelipa kiingilio,
wamekuja toka Wete nyuma ya lori la mchanga,
wanataka kuona kitu kipya kabla ya magharibi.
Lakini mimi namkumbuka Kombo Sheha.

Kombo tulimtupa uwanjani ana miaka kumi na sita,
na timu ya Unguja imesimama mbele yake kama ukuta wa skuli.
Mguu wake wa kushoto, jamani, ulikuwa na mwandiko.
Pasi ya kwanza ikakatwa. Ya pili ikakatwa.
Ya tatu hakuitoa: aliukandamiza mpira kwa unyayo
kama mtoto asiyetaka kuachia kikombe,
wakamkanyaga.
Walewale waliomdai kwa jina lake
wakamtukania mama yake.
Siku hizi anakaanga chipsi Machomane,
na watoto wakipita na mpira
anainama kutafuta chumvi.

Kwa hiyo Mjaka nikamchukua mimi.
Baada ya alfajiri, uwanja bado una umande,
nampigia mpira na kumuuliza kabla haujamfikia:
Nyuma yako wako wangapi?
"Wawili."
Watatu. Rudia.
Nyuma yako wako wangapi?
Miezi minane, swali hilo hilo.
Mamake alinisimamisha sokoni, muhogo kichwani:
"We Faki, mwanangu unamfunza mpira au hesabu?"
Nikamwambia, Bi Tumu, ni kitu kimoja.

Miguu anayo. Miguu mtoto huja nayo.
Shingo ndiyo hufunzwa.

Ila kuna jambo silisemi kwenye kikao.
Msimu wa karafuu uliopita, juu ya mkarafuu wa mjomba,
nilifikia kishada kimeshafunguka,
nyuki wamekizunguka kwa furaha yao.
Mjomba kule chini akatema mate:
"Hicho tumekichelewesha."
Karafuu ikishakuwa ua, si karafuu tena.
Usiku ule sikulala.
Kusubiri nako kuna mwizi ndani yake.
Namlinda Mjaka,
au nailinda hii jezi yenye namba kumi,
iliyofifia hata sifuri yake haifungi?

Dakika ya sitini na moja.
Kocha Rubea anaitazama saa, ananitazama,
anaitazama mvua inayojikusanya upande wa Vitongoji.
Hakuniita. Nikatoka mwenyewe,
nafungua kitambaa cha unahodha kwa meno.
Mjaka kasimama mstarini, midomo mikavu.
Nilikuwa na maneno, niliyapanga tangu juzi; yakanipotea.
Nikamuuliza lile swali.
Akageuza shingo.
"Wanne," akasema, "na beki wao wa kulia kachoka."
Huyo wa kulia mimi sikuwa nimemuona.

Mpira wa kwanza akapokonywa.
Jukwaa likaguna.
Wa pili akapokonywa,
na sauti ile ile iliyonitoa mimi ikapiga ukelele:
"Mtoeni huyo mtoto!"
Rubea akageukia benchi, anamtafuta Haroub.
Nikamshika mkono wa shati.
Mwache, nikasema. Mwache akosee.

Wa tatu ulikuwa bado hewani,
mvua imeshaanza, mpira unateremka mzito,
nikamuona: kidevu begani, kulia,
kidevu begani, kushoto,
kisha ndipo akapiga.
Pasi ilimpita winga wetu hatua mbili, ikatoka nje.
Watu wakashika vichwa.

Mimi nilikaa, goti likiuma,
pahala pake kwenye benchi bado pana joto.
Alitazama kwanza.