Sampuli za Ngamiani

Mhina wa buchani Ngamiani amenizoea.
Alfajiri hunipimia moyo, figo, ubongo,
ncha ya ulimi, utumbo usiooshwa,
kisha hucheka: "Dada, mwaka wa pili huu,
mchuzi gani usioiva?"

Hauivi kweli. Nyama naikata nyembamba
kuliko ganda la kitunguu,
naipaka rangi, nasubiri; umeme ukirudi naichungulia.
Kila seli ina nyuzi zake za aktini,
na nyuzi zina wasimamizi: huyu huunga, yule hukata,
mwingine hukaa nchani kama kizibo, zisirefuke.

Mbuzi ni mmoja, ila hawakugawiwa sawa.
Mkataji amejaa ubongoni
kana kwamba kufikiri ni kubomoa usiku kucha;
kwenye msuli wa paja namtafuta tangu Jumatatu,
kivuli tu.
Wengu sijui. Wengu uliniozea, friji ilizimika.

Jana nikamweleza Mhina. Akafuta kisu, akasema:
"Ndiyo maana ubongo huvunjika mkononi,
na paja hunilia makali."

Nimeliandika daftarini, kwa penseli,
pembeni mwa namba.